Tulimuuguza kama msiba: kisa cha Mama K na dripu zake nane

Kabla ya yote

Kisa hichi kimetokea Unguja. Kanisa silitaji na dhehebu silitaji, maana sie wakristo wa huku tuko wachache, ukitaja mtaa tu watu washajua unamsema nani. Nimebadilisha kazi ya mgonjwa na vitu vengine vidogo vidogo, yeye namwita Mama K. Kaisoma hii kabla ya mtu mwengine yoyote, kafuta mistari miwili na mmoja kaongeza mwenyewe. Mkifika kwenye habari ya tangazo la madhabahuni mtajua kwa nini niliona lazima asome yeye kwanza.

Mimi niko kwenye kamati ya huduma, na mengi niliyoyaandika hapa kama makosa nilikuwepo yakifanyika, mengine nimeyafanya mimi.

Mazingira

Mama K ana miaka 40 na kitu. Anauza vitumbua na chai asubuhi karibu na skuli, mume anafanya kazi hotelini shamba, ukanda wa kaskazini, anarudi nyumbani siku moja kwa wiki. Watoto watatu, mkubwa msichana wa kidato cha pili, wa mwisho ana miaka 6. Wamepanga vyumba viwili kwenye nyumba ya zamani yenye baraza mbele, majirani wote waislamu, wamekaa nao miaka.

Uvimbe aliuhisi mwenyewe akioga, akakaa nao karibu miezi mitano akisema utaondoka. Alivyokwenda hospitali akafanyiwa upasuaji hapahapa mjini, kinyama kikapelekwa kupimwa, majibu yakaja saratani ya titi, akaandikiwa kemo, yani dawa kali za saratani za kutiwa mshipani, Dar, Ocean Road, ile taasisi ya saratani iliyoundwa kwa sheria 1996 ambako wagonjwa wengi wa visiwani ndo wanakoishia. Mpango ulikua dripu 8, moja kila baada ya siku 21. Nne za mwanzo ni doksorubisini na siklofosfamaidi, nne za mwisho paklitakseli.

Kwa ambae hajawahi kuuguza mtu wa kemo niseme kidogo hapa, maana bila hili hutaelewa tulipokosea. Ile dawa inapiga seli zinazozaliana haraka. Saratani inazaliana haraka, lakini nywele nazo, ngozi ya ndani ya mdomo na utumbo nayo, na uboho wa mifupa unaotengeneza damu nao. Kwa hiyo mgonjwa hazidiwi ovyo ovyo tu, anazidiwa kwa ratiba. Siku mbili za mwanzo unaweza kumwona mzima kabisa anacheka, zile dawa za kuzuia kutapika zinambeba bado, siku ya tatu mpaka ya tano ndo anaanguka, chakula hapiti nacho karibu. Alafu anaanza kunyanyuka, watu wanasema afadhali, kumbe kuanzia siku ya 7 mpaka ya 14 seli nyeupe za damu ndo zimeshuka chini kabisa na mwili hauna askari, kijidudu cha kawaida kinaweza kumuua. Wiki ya tatu anarudi kua mtu, alafu anapanda boti tena.

Sie hatukujua hata kimoja katika hayo. Tulijua anaumwa.

Wiki ya kwanza: watu wote siku moja

Jumapili kabla ya dripu ya kwanza tukatangaza madhabahuni. Mchungaji alikua na nia njema kabisa, alisema tumwombee mama yetu ana saratani ya titi anaanza matibabu Dar, tukasimama wote, wengine wakalia, tukachanga palepale ikapatikana 1,260,000, bahasha akakabidhiwa mbele ya watu.

Mama K hakua ameulizwa. Ndugu wa mumewe walikua hawajui, mama yake mzazi bara alikua hajui, na mtoto wake wa kati alikua amekaa benchi la watoto palepale, ndo akasikia. Mama K alipokea bahasha, akashukuru, akaketi. Ule mstari aliouongeza mwenyewe ni huu: "Nilijiona watu wote wanaliangalia titi langu." Alikosa ibada Jumapili tatu baada ya hapo, sie tukidhani ni dawa.

Akaenda Dar na dada mmoja wa kamati, akarudi siku ya pili yake. Na hapo tukafanya tulichozoea. Watu kumi na mbili walikwenda kumuona siku moja. Sufuria tisa, nilizihesabu mwenyewe kwa sababu mimi ndo niliekua nazipanga chini pale ukumbini: pilau, biriani, muhogo wa nazi, mchuzi wa chukuchuku, kuku wa kukaanga, yani kila mtu kapika kile anachokijua vizuri. Mkeka ukatandikwa, akina mama wakakaa kitako toka saa nne mpaka magharibi, nyimbo, maombi, mazungumzo. Mama K yuko chumbani pazia limeshushwa, harufu ya vitunguu vya kukaanga inampanda, anatapikia kwenye beseni na binti yake anamshikia kitwa.

Yule mdogo wa miaka 6 akaja kusimama mbele yangu akaniuliza, "Shangazi, mama keshakufa?"

Nikamwambia hapana baba, mama yupo. Akaniuliza tena, sasa kwa nini mkeka?

Chakula kingi kilichacha, fridji ni ndogo na umeme siku ile ulikatika. Wiki ya pili walikuja watu watatu. Wiki ya tatu, ambayo ndo alikua mzima na anaweza kula na kuzungumza, hakuja mtu.

Nyekundu chooni na vitu vengine vilivyotutisha bure

Siku ileile aliyotiwa dripu mkojo ulitoka mwekundu, dada aliekuwa nae Dar akapiga simu usiku analia kwamba figo zimekufa. Ni ile doksorubisini, dawa yenyewe ni nyekundu kama sharubati, inatoka na rangi yake siku moja au mbili. Nesi alikua ameshamwambia mgonjwa, hakumwambia msindikizaji. Cha kutilia maanani ni kwamba kwa siku hizo mbili za mwanzo mkojo na matapishi yana dawa ndani yake, anaemfulia na kumwaga beseni avae glavu, na choo kimwagwe maji ya kutosha.

Nywele zilianza kutoka karibu wiki ya tatu, zinabaki kwenye mto. Hili tuliliogopa sana kumbe ndo lilikua jepesi, maana Zanzibar mwanamke kujifunika kitwa si ajabu kwa mtu. Bi mkubwa wa nyumba ya pili alimletea mitandio miwili ya pamba laini akamwonyesha namna ya kuifunga isimkwaruze, akamwambia "sasa hivi hata mimi sikujui kama una nywele au huna."

Dripu ya pili, siku ya kumi

Hapa ndo kisa chenyewe.

Dripu ya pili iliangukia ndani ya Ramadhani. Zamu ya kulala kwa Mama K ilikua ya dada mmoja wa kwaya, mtu mzuri sana, mpole, na namtetea mpaka leo kwa sababu alifanya ambacho sote tungekifanya. Kwenye saa tatu usiku Mama K akaanza kutetemeka, akasema anahisi baridi, mwili moto. Yule dada akampa panadoli mbili, akamfunika blanketi, akatuandikia kwenye grupu la WhatsApp "mama ana homa kidogo tuombe." Tukaomba. Watu kama thelathini walijibu amina, na mimi nikiwemo. Baada ya saa moja homa ikashuka, akaandika "Bwana ametenda, jasho limetoka amelala," tukalala wote.

Panadoli inashusha joto, haiondoi kinacholeta joto. Vijidudu vilikua vinaendelea na kazi yao ndani ya damu isiyokua na askari, na sie tumeondoa kengele tu.

Saa tisa usiku bi mkubwa wa nyumba ya pili alikua ameamka kula daku. Akaona taa ya kwa Mama K inawaka na mtoto anakwenda na kurudi na ndoo. Akatoka vilevile na kanga yake, akagonga, akaingia, akamshika Mama K mikono ikawa baridi kama samaki na kifua kinaunguza, anaongea maneno hayaungani. Hakuuliza ana nini. Kasema, "Mwanangu, huyu si wa kulala hapa," akaenda kumwamsha mwanawe mwenye gari, mtoto wa watu kaacha daku yake mezani, wakampakia.

Hospitali joto lilikua 39.4, presha imeshuka, seli nyeupe karibu hakuna. Akaanzishiwa antibayotiki za mshipa usiku uleule, akalazwa siku tano. Daktari wa zamu alimwambia mumewe waziwazi kwamba wangesubiri asubuhi huenda wangeleta maiti.

Na karatasi ilikuepo. Hilo ndo linaloniuma mpaka leo. Kwenye mkoba wa Mama K kulikua na karatasi aliyopewa Dar tangu dripu ya kwanza, imekunjwa mara nne, kwa kiingereza, imeandikwa joto likifika 38 mgonjwa aende hospitali hapohapo usiku au mchana. Hakuna hata mmoja kati yetu tuliokua tunalala pale alieisoma, kipimajoto hatukua nacho, na hatukujua kama siku ya kumi ni siku tofauti na siku ya ishirini.

Kikao, na tulichoamua

Jumamosi yake tukakaa watu saba, mchungaji, mume, mimi, dada wa kwaya, na muumini wetu mmoja ambae ni nesi, ambae kwa kweli tulitakiwa tumuite toka siku ya kwanza lakini hakua mjumbe wa kamati kwa hiyo hakuna aliemkumbuka. Bi mkubwa tulimualika, akasema atakuja baada ya futari, na akaja.

Mchungaji alianza kwa kuomba radhi. Mume akamwambia hana haja, mchungaji akasema anayo haja, na siku ya pili alikwenda kumuomba radhi Mama K kwa lile tangazo, wao wawili tu.

Nesi akachukua kalenda ya ukutani akatuelezea zile siku 21 kama nilivyozieleza juu. Binti mkubwa ndo akaleta penseli zake za rangi. Siku ya 1 mpaka 6 akapaka nyekundu, ya 7 mpaka 14 manjano, ya 15 mpaka 21 kijani. Ile kalenda ikabandikwa jikoni kwa Mama K, na picha yake kila mtu wa zamu anayo kwenye simu. Kila kitu tulichokifanya baada ya hapo kilifuata rangi.

Siku nyekundu hakuna kukaanga ndani ya nyumba. Anaekuja anakuja mmoja, anapika nje au analeta kilichopikwa, na analeta kidogo: uji mwepesi, mkate mkavu, ndizi mbivu, wali maji. Kila kitu kilikua na ladha ya msumari mdomoni mwake, akagundua mwenyewe kijiko cha plastiki kina afadhali kuliko cha chuma. Barafu ya ukwaju ya kwenye vimfuko ndo ilikua kitu pekee anachokitamani, tukawa tunamnunulia, mpaka dripu ya tatu alipotoka vidonda mdomoni ukwaju ukawa moto juu ya kidonda, tukahamia barafu ya maji ya dafu yaliyochemshwa na kusukutua maji ya chumvi mara nne au tano kwa siku.

Siku za manjano hakuna kuingia ndani isipokua wa zamu, tena asiwe na mafua, na anawa mikono kwa sabuni mlangoni. Hapa tuliogopa watu wataona wamefukuzwa, maana kwetu mgonjwa asietembelewa ni mgonjwa alietupwa. Dawa tukaipata kwenye baraza. Anaekuja anakaa barazani, dirisha liko wazi, Mama K anakaa ndani upande wake kwenye kiti, wanazungumza. Ilishika vizuri sana, wazee walikua wanakuja jioni wanakaa nusu saa wanaondoka, na majirani wakaingia humohumo, yani baraza ikawa moja. Chakula cha siku hizo kimepikwa kikaiva, kachumbari hakuna, maziwa ya kununua mtaani yachemshwe, urojo wa njiani asubiri kijani. Meza ya Bwana mchungaji alikua anamletea nyumbani, kikombe chake peke yake.

Kipimajoto kilinunuliwa dukani siku ileile, cha kubonyeza. Asubuhi na jioni anapimwa, namba inaandikwa kwenye kalenda. Ikisoma 38 hakuna panadoli, hakuna kuuliza grupu, ni kuondoka. Mkoba uko nyuma ya mlango, ndani yake nguo, kanga, barua ya Dar inayosema ni dawa gani anatiwa na lini, tafsiri yake kwa kiswahili alioandika nesi, na namba za simu za madereva wawili, mmoja wa kwetu na mmoja mtoto wa bi mkubwa. Tulibishana kidogo kuhusu maombi, mzee mmoja aliona kama tunasema tusiombe. Mchungaji akamjibu, "Mzee wangu, tutaombea ndani ya gari."

Mkoba ule ulitumika mara moja tena, dripu ya tano, joto 38.3 saa nne usiku. Nusu saa walikua hospitali. Akatoka baada ya siku mbili.

Boti

Mtu wa bara akisikia kemo anafikiria dripu. Sie tunafikiria boti. Ni kama saa mbili kuvuka, sio nyingi, lakini jaribu kuvuka Juni au Julai kusi limeshika na tumboni una dawa ya jana.

Mwanzo tulikua tunamrudisha siku ya pili tu baada ya dripu ili kuokoa pesa ya malazi. Dripu ya kwanza alitapika njia nzima mpaka damu kidogo ikatoka kooni. Baadae tukabadilisha, anabaki Dar usiku mbili zaidi kwa ndugu wa muumini mmoja, anavuka boti ya asubuhi bahari ikiwa bado imetulia, anakaa chini katikati karibu na nyuma ambako mrusho ni mdogo, na kidonge cha kuzuia kutapika anameza kabla hajapanda sio akiwa anatapika.

Dripu ya nne tulipoteza safari nzima. Kafika Dar, kapimwa damu, kile kipimo cha FBP kinachohesabu seli za damu, seli nyeupe bado chini, akaambiwa arudi baada ya wiki. Nauli za watu wawili kwenda na kurudi bure. Nesi wetu akauliza Dar kama kipimo kinaweza kufanyika Unguja siku mbili kabla na majibu yatumwe kwa picha, wakasema inawezekana ingawa siku ya dripu huenda wakarudia. Tangu hapo hatukupoteza safari. Dripu ya saba ilichelewa wiki kwa sababu ya bahari tu, boti hazikwenda kwa upepo, hilo hamna wa kumlaumu.

Shangazi na majani ya mstafeli

Shangazi wa mume alikuja na chupa ya soda imejaa maji ya majani ya mstafeli, akawa anampa kikombe asubuhi na jioni na hakumwambia mtu. Binti ndo alietuambia. Wengi kwenye kamati walitaka chupa imwagwe.

Nesi akakataa. Alikwenda kukaa nae jikoni akamuuliza, shangazi, yanachemshwa vipi, kiasi gani, mara ngapi, akaandika yote kwenye daftari mbele yake, akamwambia tutampelekea daktari tusikie. Daktari akajibu kwamba ini la mgonjwa ndo linazichambua zile dawa za kemo na hataki kitu kengine chochote kinacholichosha mpaka amalize, sio mstafeli sio mlonge sio chochote. Shangazi alivyoletewa jibu na akaona daftari lake limefika mpaka Dar, aliacha mwenyewe. Alafu tukampa kazi ya uji wa siku nyekundu kwa sababu kwa kweli hakuna anaejua uji kuliko yeye. Nadhani tungeimwaga ile chupa angeleta nyengine na safari hii binti asingeiona.

Pesa

Ile 1,260,000 ilikwisha kabla ya dripu ya tatu. Nauli, kodi ya nyumba, deni la unga na mafuta ya vitumbua, maana biashara ilisimama. Ilivyofika dripu ya nne ukigusia mchango unajibiwa "si tulishatoa?" na huwezi kuwalaumu, walikua wametoa kweli, wengine hadi walichokua hawana.

Na kuna baya zaidi tulilifanya. Mhasibu alikua anaweka orodha kwenye grupu, jina na kiasi, asiyetoa jina lake linabaki na kistari mbele. Mjane mmoja alitoka kwenye grupu kimya kimya. Mimi nilimfuata nyumbani kumuuliza, akaniambia kila akifungua simu anakiona kile kistari.

Tukafuta orodha. Tukatafuta kaya 40 za 5,000 kwa mwezi, inakua 200,000, inaingia kwenye simu ya mhasibu, wanaojua nani katoa ni watu wawili tu. Asiekua na pesa yuko kwenye zamu ya kufua au kuteka maji, na mjane yule ndo alishika kufua siku nyekundu mpaka mwisho, na glavu zake. Kwa mwezi wa kwanza 200,000 ilionekana ndogo mbele ya ile bahasha kubwa, lakini ilikuja mwezi wa pili, wa tatu, mpaka wa sita.

Matokeo

Dripu zote 8 alimaliza. Kutoka ya kwanza mpaka ya mwisho zilitakiwa wiki 21, zikawa 24: wiki moja ya ile homa, moja ya damu kushuka, moja ya bahari. Baadae akapata mionzi hukohuko Dar. Sasa hivi anameza tamoksifeni kila siku, kidonge cha kuzuia saratani isirudi, amerudi kwenye vitumbua ingawa si kwa wingi ule. Paklitakseli imemwachia ganzi vidoleni, ndara inamvuka mguuni hajui mpaka ageuke aione nyuma yake.

Nikiangalia sasa

Sie watu wa kanisa, na nadhani watu wa pwani kwa jumla, tunajua msiba. Msiba tunauweza mno: mkeka, sufuria kubwa, watu wengi kwa pamoja, pesa ndani ya siku tatu, kila mtu anajua akae wapi na afanye nini. Basi tulivyosikia saratani tukachukua kile tunachokijua tukakiweka juu ya mtu aliehai. Mtoto wa miaka 6 ndo aliekiona, sie wakubwa hatukukiona. Matibabu ya miezi sita yanataka mtu mmoja leo, mmoja kesho, na mwengine mwezi wa tano wakati hakuna tena habari mpya.

Kilichofanya kazi zaidi ya vyote ni ile kalenda, na sababu nadhani ni kwamba ilimtoa mtu kwenye kukisia. Kabla yake kila aliekuja alikua anaangalia uso wa Mama K ndo anaamua: akicheka tumeshinda, akilala tumekwisha. Siku za manjano uso wake ulikua mzuri, na ndo siku za hatari. Yule dada wa zamu asingeweza kuijua siku ya kumi kwa kumwangalia.

Nesi tulichelewa nae. Muislamu jirani tulichelewa nae zaidi, yani tulikua na ratiba ya zamu ya watu 30 kutoka Mwanakwerekwe mpaka Bububu na mtu wa mlango wa pili hatukuwahi kumwambia chochote, kwa sababu tulidhani hili ni la kanisa. Mchana wa Ramadhani tulikua tunajificha na sufuria za uji tusiwakwaze, kumbe bi mkubwa kesha waambia wajukuu wake wasichome udi kwa sababu harufu inamtapisha Mama K.

Tangazo la madhabahuni tumelibadilisha. Sasa mgonjwa anaulizwa: jina litajwe? ugonjwa utajwe? nani asijue? Na kama anasema lisitajwe, tunaomba tu kwa ajili ya wagonjwa wetu.

Tulipofeli moja kwa moja

Mume hakuna aliemuuliza hali yake. Alikua anakuja siku moja kwa wiki, na siku hiyo kila mtu anamuuliza "mama anaendeleaje." Mwezi wa nne wa matibabu alianguka kazini kwa presha, ndo tukajua chakula hali vizuri na usingizi hapati.

Na binti. Yule aliepaka kalenda rangi, alieshika beseni, aliekwenda na kurudi na ndoo saa tisa usiku. Ratiba yetu ilikua na zamu ya kupika, kufua, kulala, safari, na haikua na mtu wa kumwambia yeye nenda skuli sie tupo. Asubuhi wa zamu akichelewa nusu saa yeye ndo anabaki. Mwalimu wake alipiga simu mwezi wa tano kusema amekosa siku 19, tukashangaa, tukafungua ile kalenda tukaanza kuhesabu, na karibu zote zilikua nyekundu. Ilikua imeandikwa ukutani mbele yetu miezi yote ile.

Mtihani wake wa kidato cha pili haukwenda vizuri. Kijana mmoja wa kwaya anaesoma chuo anakwenda Jumanne na Alhamisi jioni kumfundisha hesabu, wanakaa palepale barazani, na wiki hii wamefika kwenye logarithimu.